Banda Lililoangalia Ng'ombe

Mchoro wa banda letu niliuchora kwa penseli, nyuma ya daftari la darasa la jioni, nimekaa jikoni kwenye kigoda huku maharage yanachemka. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na kabla ya siku hiyo sikuwahi kuchora kitu ambacho mtu mwingine angekuja kukijenga kwa mbao na misumari. Nilifuta nikachora, nikafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka kwenye kona.

Shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchunga. Nilirudi nikiwa na watoto watano, pale mwalimu mmoja wa shule yetu ya msingi hapa Machochwe alipoanza kufundisha watu wazima jioni, siku tatu kwa wiki. Nilikalia dawati lile lile alilokalia kitinda mimba wangu asubuhi, magoti yanagonga ubao. Nilikuwa nimemwomba Mungu vitu viwili: nisome Biblia mwenyewe bila kumsubiri mtu, na niandike barua ambayo ofisini hawataniambia nikaandikiwe upya. Cha kwanza alinipa mapema. Cha pili alinipa mwaka ule wa maonyesho.

Tulikuwa na kikundi cha akina mama. Tulianza kumi na wawili, tukabaki kumi. Kazi yetu ni unga wa ulezi. Watu wengi wanapenda uji wa ulezi lakini wanaogopa mchanga, maana ulezi unapigwa chini, na chini kuna mchanga, na mchanga wa kwetu umefanana na punje zenyewe. Sisi tuliupigia juu ya turubai, halafu tukauosha. Unatia maji kwenye sufuria pana, unazungusha polepole, unamimina ulezi pamoja na maji kwenye chombo kingine, mchanga unabaki chini. Unarudia mara tano, mara saba. Ukiona umemaliza unampelekea mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mama mkwe wangu. Meno yake ya mbele yamebaki manne, lakini manne hayo yanajua kazi. Anatia punje chache mdomoni, anafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, anatafuna. Kukiwa na chembe moja tu anatema pembeni.

"Hapa kuna barabara," anasema. "Rudisha majini."

Hakuna aliyembishia. Hata mke wa mchungaji alirudishwa majini mara mbili kwa siku moja.

Kwa hiyo shida yetu haikuwa unga, ilikuwa mnunuzi. Tuliuziana wenyewe kwa wenyewe, na kidogo pale nje ya kanisa baada ya ibada. Wale wawili walichoka, wakarudi kuuza ulezi wa punje kwa wachuuzi wanaokuja na magunia wakati wa mavuno. Waliobaki wakaniambia wazi kwenye kikao: msimu huu ukiisha bila mnunuzi wa kudumu, kila mtu achukue turubai lake aende nalo nyumbani. Hawakusema kwa ubaya. Lakini mimi ndiye niliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwaingiza, nikiwaambia Mungu hamtupi mtu anayefanya kazi safi. Maneno hayo yakawa yananitazama.

Ndipo afisa maendeleo wa kata, binti mmoja mchangamfu, alipoleta habari. Kutakuwa na maonyesho ya wajasiriamali Mugumu, siku tatu. Kila kikundi kitapewa kiwanja cha mita tatu kwa tatu, kujenga banda ni juu yenu. Halafu akashusha sauti, ingawa tulikuwa sisi tu.

"Kuna hoteli moja huko mbugani inatafuta kikundi cha kuwaletea unga wa ulezi kila mwezi. Mnunuzi wao atapita maonyesho siku ya pili. Atachagua kikundi kimoja."

"Na vikundi vya ulezi viko vingapi?" nikamuuliza.

"Na ninyi, vinne."

Barua ya kuomba kiwanja niliiandika kwa mkono wangu. Ilirudi na muhuri. Niliiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, na kila nikifungua kusoma naitazama kwanza hiyo barua, Mungu anisamehe.

Basi tukakaa kupanga. Afisa alituachia karatasi ya uwanja: katikati njia kuu, mabanda yamepangwa huku na huku, na nyuma ya mstari wetu duara kubwa. Mama mkwe hajui kusoma, lakini aliinama akaliwekea kidole.

"Hiki ni nini?"

"Ni zizi, mama. La maonyesho. Wataleta madume na ng'ombe wa maziwa."

"Basi mlango ni hapa," akasema, akasogeza kidole kwenye kiwanja chetu, upande wa zizi.

Nikachora mlango pale kidole kilipokuwa.

Asiyetoka kwetu anaweza kushangaa. Kwetu nyumba ya mama inaangalia zizi. Unatoka asubuhi, cha kwanza kukiona ni mifugo. Uko ndani unasonga ugali, ng'ombe akikohoa unamwona. Nyumba iliyowapa ng'ombe mgongo ni ya mtu aliyegombana na ukoo. Tulikuwa akina mama kumi pale, wote tumezaliwa kwenye nyumba za namna hiyo na kuolewa kwenye nyumba za namna hiyo. Tukajadili urefu wa meza. Tukajadili rangi ya kitambaa, na hapo tulinuniana karibu saa nzima. Tukajadili nani akoroge uji wa kuonja, na vikombe viwe vikubwa kiasi gani, maana mmoja alisema kikombe kidogo ni kumtukana mgeni. Yote hayo tuliyajadili. Hakuna hata mmoja aliyeuliza watu watapita upande gani.

Aliyeuliza alikuwa fundi. Ni seremala wa pale Mugumu, Mwislamu, babu yake alifuata biashara huku kutoka pwani akabaki. Tulimkuta uwanjani siku moja kabla ya maonyesho, tumepakia mbao na mabati kwenye gari la mizigo, na sisi wenyewe juu yake.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia mama mkwe.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Una misumari ya kutosha?"

"Ipo." Akachukua daftari langu, akalitazama, akaligeuza juu chini, akalirudisha. "Mama, mchoro huu ndio wenyewe? Mlango unatazama kule kwa ng'ombe."

"Ndio wenyewe," nikasema.

"Na njia iko huku."

"Tunaiona, fundi."

Akajikuna shingo. Mama mkwe akaingilia. "Wewe nyumba yako inaangalia wapi?"

"Yangu? Inaangalia choo cha jirani."

"Mmemsikia! Halafu anataka kutufundisha kujenga."

Fundi alicheka mpaka akatema misumari aliyoibana mdomoni. "Haya, bibi. Mwenye nyumba ndiye anayejua. Changu nyundo."

Akajenga vizuri, siwezi kumsingizia. Nyuma alifunga mabati mapya bila kuacha hata tundu la kupitisha kidole. Sisi tukasiriba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, tukaipiga ikawa laini. Juu ya mlango tukatundika kibao nilichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: UNGA WA ULEZI HAUNA MCHANGA. Herufi za mwisho zilibanana kwa sababu sikupima nafasi. Tukashika nguzo, tukaomba. Tulirudi kulala kwenye ukumbi wa kanisa tukiwa na furaha kama watu wa harusi.

Siku ya kwanza tuliingia bandani mapema, tumevaa vitenge vya sare. Uji tayari, unga umepangwa. Tukakaa. Mbele yetu madume yakatutazama, nasi tukayatazama. Nyuma ya mabati tulisikia watu wengi wanapita, spika zinapiga kelele, akina mama wanacheka, mtu anapunguziwa bei. Sisi hatukuona hata kiatu.

Waliokuja ni wafugaji. Mmoja alikuwa ametoka mbali, Nyanungu huko Tarime, na dume lake jekundu lenye nundu kama mlima. Mtu wa sauti kubwa.

"Hawa ndio watu!" akawaambia wenzake. "Wengine wote wametupa migongo kama sisi hatukuja. Mama, lete uji."

Akanywa vikombe vitatu. Nikamwonyesha mifuko. "Utabeba na unga, baba?"

"Mimi? Nirudi nyumbani na unga? Mke wangu ataniuliza nimeoa Mugumu tangu lini."

Wenzake wakacheka, wakanywa, wakatubariki, wakarudi kwa ng'ombe wao mikono mitupu.

Karibu saa sita akatokea mwanamume mmoja wa tai, amezunguka kona haraka haraka, mkono uko kwenye mkanda.

"Samahani. Hiki choo ni cha wanaume au cha wanawake?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Ni cha ulezi. Kaa, unywe uji."

Yule hakukaa. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Mwishowe akaja jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mama wa mafuta ya alizeti, akachungulia na kupiga makofi.

"Jamani! Kumbe humu mna watu! Sisi tangu asubuhi tunawaelekeza watu huku, tunajua halmashauri imejenga choo kipya."

Akina mama wakacheka. Mimi sikucheka. Nilitoka, nikazunguka mabanda yote, nikaenda kusimama njiani, mahali ambapo mgeni angesimama. Kushoto vitambaa, maua, watu wanaonja. Kulia vivyo hivyo. Vikundi vingine vitatu vya ulezi vyote niliviona pale, kimoja kimepamba meza kwa masuke ya ulezi wenyewe, vizuri sana. Katikati ukuta wa bati, mpya, unameremeta, umefungwa, hauna hata neno moja. Mnunuzi anakuja kesho, atapita hapa, atatazama bati hili. Na mlango niliuchora mimi, mimi ndiye pekee kati yetu ninayejua kusoma ramani.

Jioni, watu wanaondoka, niliwaambia wenzangu. "Kosa ni langu. Nilichora bila kusimama njiani hata kwa mawazo."

Mmoja alikuwa anakunja kitambaa cha meza. "Mimi turubai langu nimelikumbuka," akasema taratibu.

"Subirini. Asubuhi fundi aje. Mlango wa ng'ombe tuuzibe, tufungue wa njiani."

"Uuzibe?" Mama mkwe akainuka. "Watu wamenywa uji hapa leo. Kesho wakija wagonge bati? Mlango ukishapitisha mgeni hauzibwi. Toboa huko unakotaka. Huu wangu usiuguse."

"Mama, banda lenyewe ni mita tatu. Milango miwili, meza itakaa wapi?"

"Mimi sikwenda shule. Mwenye penseli ni wewe."

Niliondoka pale nisije nikamjibu. Nilisimama karibu na uzio wa ng'ombe nikaomba, na maombi yangu siku hiyo hayakuwa mazuri. Nilimkumbusha Bwana nimekaa na yule mama miaka ishirini na mitatu. Nilipomaliza kumshtaki nikafungua daftari nikaliegemeza kwenye mti wa uzio. Meza nikaihamishia ubavuni, kwa urefu. Rafu za unga nikaziweka ubavu wa pili. Katikati ikabaki nafasi ya mtu mmoja kupita, au wawili wanaopendana. Safari hii nilihesabu hatua kwanza, nikaenda njiani nikasimama, nikarudi, ndipo nikapiga mistari.

Asubuhi fundi alikuja umande haujakauka. Alijitahidi asicheke, na namshukuru. Aling'oa mabati mawili upande wa njia, akayapigilia juu ya mlango mpya yakawa kibaraza cha kivuli. Kibao cha rangi nyekundu mama mkwe alikataa kiondolewe kwenye mlango wake. Nikatafuta boksi, nikaandika kingine kwa makaa, herufi zimeachana vizuri.

Kumbe kutoka njiani kwenda kuona ng'ombe ilibidi mtu azunguke mpaka mwisho wa mstari wa mabanda, mbali. Sasa watu wakaona mwanga unapita katikati ya banda letu, na kwa ndani kabisa lile dume jekundu. Mmoja akauliza kama anaweza kupita. Mama mkwe akamwambia kupita ni bure ila kikombe lazima. Baada ya saa moja tulikuwa njia ya mkato ya Mugumu nzima. Upepo ulipita nao, ukabeba harufu ya uji mpaka kwa watu wa alizeti. Nafasi ni nyembamba, watu wanakwenda polepole, kikombe mkononi, macho kwenye rafu. Akina mama wakaanza kununua.

"Choo kimekuwa stendi!" jirani yetu akapiga kelele.

Mimi nilikuwa na kazi moja, kutazama njia. Kila shati safi lililopita nilisema ndiye. Saa nne, saa sita. Afisa maendeleo akapita, nikamuuliza.

"Hata mimi nashangaa," akasema. "Wale wenye masuke wanasema mtu wa hoteli alipita kwao jana jioni. Alikuja siku moja kabla."

Jana jioni. Jana jioni sisi tulikuwa bati. Nikaendelea kukoroga uji kwa sababu mkono ulikuwa umeshika mwiko. Sikumwambia mtu. Nilitazama wale wenzangu tisa, wanacheka na wateja, mmoja kitenge kimejaa unga mpaka kifuani, nikaona nitawaambia kesho tukiwa kwenye gari.

Ni wakati huo nikasikia sauti ya mtu wa Nyanungu upande wa ng'ombe.

"Huyu amenisumbua, anataka kununua dume langu alipeleke jikoni! Nimemwambia dume haliuzwi, ila uji upo."

Alikuwa amemshika mkono mwanamume mmoja mnene, viatu vimejaa matope ya zizini, anavipangusia kwenye majani kabla hajakanyaga sakafu yetu. Nilijua ni mchuuzi wa ng'ombe. Nikampa uji kama nilivyompa kila mtu. Akanywa, akatazama kikombe, akaomba unga mkavu kidogo kwenye kiganja. Akautia mdomoni. Akafumba macho.

Mama mkwe aliacha alichokuwa anafanya. Alimtazama yule mtu anavyotafuna, taratibu, kwa meno ya mbele.

"Mnaosha mara ngapi?" mtu akauliza, macho bado amefumba.

"Mpaka niseme," mama mkwe akajibu.

Akafumbua macho, akamtazama. "Jana nimetafuna unga wa vikundi vitatu, bibi. Wenye masuke mazuri wana mchanga. Cha nne kilikuwa kwenye orodha yangu, nilipofika nikakuta ukuta, nikajua hawakuja. Nikakifuta." Akatoa karatasi mfukoni. "Mimi ndiye ninayenunulia hoteli vyakula. Leo nilirudi kwa ajili ya nyama tu."

Mwiko ulianguka ndani ya uji. Nakumbuka nilivyoutafuta kwa mkono na uji wa moto, nikaungua, na sikusikia mpaka jioni.

"Ukuta ni wetu," nikamwambia. "Banda nililichora mimi, nikaliweka kinyume."

"Si kinyume," mama mkwe akasema. "Ameingilia wapi?"

Yule mtu akageuka akatazama mlango wa ng'ombe, akacheka. Hakutuahidi makubwa. Aliandika jina la kikundi tena kwenye karatasi yake, akasema tupeleke debe moja mwisho wa mwezi, wapishi wapate kulijaribu. "Likiwa na chembe moja tutaachana salama, bila kugombana. Likiwa safi, kila mwezi." Akaondoka kwa mlango alioingilia. Mtu wa Nyanungu akamsindikiza, anaendelea kumweleza kwa nini dume haliuzwi.

Debe lile tuliliosha kwenye uwanja wangu, wote kumi, kimya kama watu wa ibada. Mmoja wa wale wawili walioondoka alikuja siku hiyo na turubai lake amelibeba kichwani. Hatukumuuliza kitu, tukamsogezea sufuria. Mara saba tukamimina. Nikachota punje kidogo, nikampelekea mama mkwe pale alipokaa, mlangoni kwake, anaangalia zizi. Akatia mdomoni, akafumba macho. Akatafuna muda mrefu kuliko siku zote, mpaka mmoja wetu akaanza kuomba kwa sauti.

Halafu hakutema. Akameza.

"Anika," akasema.